Mpira Hauyeyuki: Habari za Tairi Kuukuu, Akala na Mpira wa Miguu

Yako maswali mengi ambayo watu hujiuliza juu ya vitu vya kila siku, lakini kwa kuwa vitu hivyo vimezoeleka, wengi huona haya kuuliza wasije wakachekwa. Swali mojawapo ni hili. Fundi wa jua kali huchukua sufuria zilizotoboka na vipande vya injini vya aluminiamu, akavitia katika chungu juu ya moto mkali, na vikiisha kuyeyuka huvimimina katika mchanga uliofinyangwa umbo, akapata chombo kipya. Aluminiamu huyeyuka kwa joto la digrii 660 za sentigredi, nayo yaweza kuyeyushwa mara nyingi pasipo kuharibika. Lakini kando ya kibanda cha fundi huyo mna rundo la tairi kuukuu asizozigusa. Mtoto akimwuliza, "Mjomba, mbona tairi zile huzitii chunguni?" jibu atakalolipata ni hili: "Zitatupa moshi, mpwa wangu, hazitatupa kitu kingine."

Jibu hilo ni la kweli, ila halielezi sababu. Ili sababu ijulikane, hapana budi kwanza kutazama mpira wenyewe ni kitu gani, na nguvu zake ulizipata wapi.

Utomvu wa Mti

Kiswahili kimevipa jina moja vitu vitatu: mmea utoao utomvu, utomvu huo ukiisha kuganda, na kitu cha mviringo kinachochezwa na vijana. Katika Afrika ya Mashariki mpira wa kwanza kuuzwa ng'ambo haukutoka mashambani, bali ulitoka katika mimea itambaayo porini. Mmoja wa mimea hiyo wataalamu waliupa jina la Landolphia kirkii, kwa heshima ya Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja katika karne ya 19. Baadaye Wajerumani walipanda Tanganyika mti wa mpira wa namna nyingine, wenye asili ya Brazil, ambao ni ndugu wa muhogo. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913 mashamba mengi yaliachwa yakawa vichaka. Hata hivyo miti haikupotea, na mpaka leo majani yake hupikwa kisamvu katika nyumba nyingi za Tanzania, na walaji wengi hawakumbuki kwamba mti ule uliletwa kwa ajili ya viwanda.

Mti unaotoa sehemu kubwa ya mpira wa asili duniani ni mwingine tena, nao huitwa Hevea. Kwao ni misitu ya mto Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Henry Wickham, alichukua mbegu zake zipatazo 70,000 kutoka Brazil akazipeleka katika bustani ya Kew, karibu na London. Zilizoota hazikufika 3,000, lakini miche hiyo michache ilipelekwa Ceylon na Malaya, na kutokana nayo yalianza mashamba makubwa ya Asia. Mgemaji huchanja gome la mti kwa kisu maalum, na utomvu mweupe kama maziwa hutiririka ndani ya kikombe. Yapata theluthi moja ya utomvu huo ni mpira. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Hutiwa asidi kidogo ili ugande, kisha hukamuliwa ukawa karatasi nene, na karatasi hizo hukaushwa kwa moshi.

Lakini kuna watu waliojua mambo haya zamani sana. Wenyeji wa nchi ambayo leo ni Mexico walitengeneza mipira ya kuchezea, nayo imechimbuliwa na wataalamu mahali paitwapo El Manatí. Umri wake ni karibu miaka 3,600. Walichanganya utomvu na maji ya mmea fulani utambaao, na kwa njia hiyo wakapata mpira mgumu uliodunda vizuri. Mchezo wao haukuwa wa miguu wala wa mikono. Mchezaji aliupiga mpira kwa nyonga, na kwa kuwa haukuwa na hewa ndani bali ulikuwa mzito mtupu, ulimwumiza mtu asiyejikinga. Viwanja vyao vyaonekana hata leo, na kile cha Chichén Itzá ni kirefu zaidi ya mita 160. Mwaka 1528 Mhispania Hernán Cortés aliwachukua wachezaji wengine mpaka Hispania, na watu wa huko walistaajabu, maana mipira ya Ulaya ilikuwa ya ngozi iliyojazwa nywele au kibofu cha mnyama, wala hawakuwa wameona kitu kinachoruka namna ile.

Mtu Aliyefungwa kwa Madeni

Wazungu walipoanza kuutumia mpira, waliuona kuwa kitu cha ajabu kisichotegemeka. Mwaka 1770 Joseph Priestley wa Uingereza aliandika kwamba unafaa kufutia alama za penseli, na hata jina lake la Kiingereza latokana na neno la kusugua. Ndilo neno tulilolifanya "raba" katika Kiswahili, tukaita hivyo kifutio cha shule na pia viatu vya michezo. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata njia ya kutengeneza makoti yasiyopenya mvua kwa kupaka mpira kati ya vitambaa viwili. Huko Marekani, katika miaka ya 1830, viwanda viliuza viatu na mabegi ya mpira kwa wingi. Majira ya joto yalipofika, viatu vilinata kama gundi na kunuka vibaya. Majira ya baridi yalipofika, vilikuwa vigumu vikapasuka. Wateja walirudisha mali, na viwanda vikafungwa.

Mmarekani Charles Goodyear, aliyezaliwa mwaka 1800, alijitia katika kazi ya kuutibu ugonjwa huo wa mpira ingawa hakuwa mwanakemia. Alichanganya mpira na kila unga alioupata. Mara nyingi alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni, na jamaa zake waliishi kwa shida kubwa. Mwaka 1839, katika mji wa Woburn, mpira aliouchanganya na salfa ulipatwa na moto wa jiko, na badala ya kuyeyuka uliungua kandokando tu. Penye mpaka wa sehemu iliyoungua akaona mpira mkavu, imara, usionata. Salfa hiyo ndiyo ile ile ya unga wa manjano unaopulizwa katika mikorosho. Ilimchukua miaka kadhaa kujua kipimo cha joto na muda wake, na alipata hati ya serikali ya Marekani ya kuilinda njia yake mwaka 1844. Huko Uingereza Thomas Hancock alikuwa amemtangulia kwa miezi michache kuandikisha njia kama hiyo. Goodyear alifariki mwaka 1860 akiwa bado anadaiwa fedha nyingi. Kampuni kubwa ya tairi iitwayo kwa jina lake ilianzishwa mwaka 1898, miaka 38 baada ya kifo chake, wala haikuwa mali ya ukoo wake.

Sababu ya Kutoyeyuka

Sasa jibu la swali la mtoto lakaribia. Mpira mbichi umefanyizwa kwa nyuzi nyembamba mno, zisizoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Kila uzi ni mnyororo wa chembe za kaboni na hidrojeni, nao ni mrefu sana ukilinganishwa na unene wake. Nyuzi hizo hazikunyooka. Zimejikunja na kupotana kama uzi uliochezewa na paka. Mtu akiuvuta mpira, nyuzi hunyooka. Akiuachia, hujikunja tena. Ndiyo sababu mpira hudunda: ukigonga chini nyuzi hubanwa, kisha hurudia hali yake ya kwanza na kuusukuma mpira juu. Lakini kwa kuwa nyuzi za mpira mbichi hazikufungamana, joto likizidi huteleza moja juu ya nyingine, na mpira hulegea na kunata.

Salfa ikitiwa na kupikwa pamoja na mpira, chembe zake huzifunga nyuzi hizo mahali pengi. Kabla ya salfa, mpira ni kama kamba nyingi zilizolala ovyo sakafuni. Baada ya salfa, ni kama wavu wa mvuvi. Kamba zilizolala ovyo zaweza kuvutwa moja moja mpaka rundo lote likaisha. Wavu hauwezekani hivyo; ukivuta pembe moja, wavu mzima wafuata. Kwa hiyo mpira uliopikwa kwa salfa huvutika na kurudi, lakini hauwezi tena kutiririka. Salfa ikiwa kidogo, wavu una matundu makubwa na mpira ni laini. Ikiwa nyingi sana, yapata theluthi moja ya mpira wenyewe, hupatikana kitu kigumu kama pembe.

Aluminiamu haina nyuzi wala mafundo. Chembe zake hushikana zikiwa zimepoa na huachana zikipata joto, kisha zikipoa hushikana tena kama mwanzo. Lakini tairi ikitiwa motoni, moto hauchagui kati ya fundo na uzi. Pamoja na mafundo, nyuzi zenyewe hukatika na kuungua, na kinachopatikana ni moshi mweusi, mafuta machafu, na waya za chuma zilizokuwa ndani yake. Viko viwanda vinavyojaribu kuyafungua mafundo hayo kwa joto, mafuta na dawa, na mpira wao huweza kuchanganywa na mpira mpya kwa kipimo kidogo. Lakini ubora wake hushuka, kwa kuwa nyuzi nyingi zimekatwa vipande.

Mpira wa Damu

Haifai kueleza habari za mpira bila kutaja bei waliyolipa watu wa Kongo. Mwaka 1888 daktari wa mifugo huko Belfast, John Boyd Dunlop, alitengeneza tairi ya hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baiskeli zikaenea, kisha motokaa, na dunia nzima ikataka mpira kwa haraka, na huku mashamba ya Asia yalikuwa hayajaanza kuzaa. Ulioko tayari ulikuwa mpira wa porini. Tangu mwaka 1885 Kongo ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, si kama koloni la Ubelgiji, bali kama nchi yake mwenyewe. Wanakijiji walilazimishwa kuleta kipimo cha mpira, na wasiokifikisha walipigwa kwa kiboko cha ngozi, wake zao wakashikwa kama rehani, vijiji vikachomwa. Askari waliotakiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi bure walikata mikono ya watu. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement, balozi wa Uingereza, ilitangaza mambo hayo, na Edmund Morel aliyapigania katika magazeti na mikutano mpaka Leopold akanyang'anywa nchi hiyo mwaka 1908. Mtu anayepanda baiskeli leo hana hatia ya mambo hayo, lakini gurudumu la kwanza la hewa lilitembea juu ya jasho na damu ya watu hao, na yafaa watoto waambiwe.

Katika Vita Kuu ya Pili mpira ulipata thamani nyingine. Mwaka 1942 Wajapani walizichukua Malaya na visiwa vya Indonesia, na kwa ghafula Uingereza na Marekani zikakosa sehemu kubwa ya mpira wao. Mwezi wa Juni mwaka huo Rais Roosevelt aliwaomba Wamarekani walete mpira wote mkuukuu, nao wakaleta tairi, mipira ya kumwagilia bustani, viatu na makoti ya mvua, wakilipwa senti moja kwa kila ratili. Zilipatikana tani zipatazo 450,000. Huko Tanganyika mashamba ya Wajerumani yaliyokuwa vichaka yalifyekwa na miti kugemwa upya. Wakati huo huo wanakemia walifanya haraka kutengeneza mpira usio wa mti, utokanao na mafuta ya petroli, na leo tairi nyingi zina mchanganyiko wa namna zote mbili.

Mpira Ulegeao Bila Tundu

Wachezaji wa mpira wa miguu wana fumbo lao. Mpira ukijazwa hewa Jumamosi na kuwekwa kabatini, baada ya juma moja au mawili huonekana umelegea, na hali hauna tundu. Wengine huwashuku watoto. Ukweli ni kwamba hewa hupita ndani ya mpira wenyewe: kati ya nyuzi zile mna nafasi ndogo ndogo, na chembe za hewa hujipenyeza moja moja mpaka zikatoka nje. Blada ya mpira wa asili hudunda vizuri lakini huvuja upesi. Blada ya mpira uitwao butili, uliopatikana Marekani mwaka 1937, huzuia hewa kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo namna inayotumika kwa mipira ya ndani ya baiskeli na magari. Basi mwalimu wa michezo anayenunua mpira wa shule yafaa aulize blada ni ya namna gani.

Sheria ya mchezo husema mzunguko wa mpira uwe kati ya sentimita 68 na 70, na uzito wake kati ya gramu 410 na 450 mchezo unapoanza. Maneno hayo "unapoanza" yana maana, kwa sababu zamani mipira ya ngozi ilinyonya maji ya mvua, na kabla ya mchezo kwisha ilikuwa mizito sana kwa kichwa cha mtu. Katika Kombe la Dunia, mpira usio na ngozi ya mnyama hata kidogo ulitumika mara ya kwanza Mexico mwaka 1986. Ule wenye mabaka meusi na meupe ulitumika huko huko Mexico mwaka 1970: vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita. Rangi hizo zilichaguliwa ili uonekane vizuri katika televisheni, ambazo wakati huo nyingi hazikuonyesha rangi.

Kazi za Tairi Kuukuu

Kwa kuwa tairi haiyeyuki, njia bora ni kuitumia jinsi ilivyo. Mafundi wa Afrika ya Mashariki walifahamu jambo hili bila kusoma kemia. Katika soko la Kariokor, Nairobi, na masoko mengine mengi, tairi hukatwa kwa kisu kikali kilicholowanishwa maji, ikawa soli na mikanda ya akala, ambazo Watanzania huziita katambuga. Kisu hulowanishwa kwa sababu mpira mkavu hung'ang'ania chuma. Mpira wa ndani hukatwa mikanda ya kufungia mizigo, na hakuna mwendesha baiskeli wa kijijini asiyekuwa nao. Akala haiozi upesi, haiogopi maji wala miiba, na soli yake, kama ilivyokuwa tairi, huchakaa polepole. Hiyo ni kwa ajili ya unga wa masizi uliotiwa kiwandani. Tairi za kwanza zilikuwa na rangi nyeupe au kijivu, nazo ziliisha upesi.

Tairi za malori ambazo mwili wake bado mzima huvishwa mpira mpya juu, na hata tairi za ndege hufanyiwa hivyo mara kadhaa. Nyingine husagwa zikawa chembe za kuchanganya na lami ya barabara, au kutandazwa katika viwanja vya nyasi za bandia. Lakini hilo la viwanja limeleta maneno, kwani chembe hizo huchukuliwa na viatu na mvua mpaka mitoni, na mwaka 2023 Jumuiya ya Ulaya iliamua kuzipiga marufuku, ikatoa muda wa miaka minane ya kujiandaa.

Yapo pia majaribio yaliyoharibika kabisa. Mwaka 1972, karibu na pwani ya Fort Lauderdale huko Florida, tairi zipatazo milioni mbili zilitupwa baharini zikiwa zimefungwa mafungu, kwa nia njema ya kuwapatia samaki makao. Kamba na vibanio vilioza, tairi zikaanza kutembea na mawimbi, zikayasugua matumbawe ya kweli yaliyo jirani na kuyaua. Wapiga mbizi wa jeshi waliitwa miaka mingi baadaye kuziopoa. Na huko Wales rundo la tairi zipatazo milioni kumi lilishika moto mwaka 1989, likaendelea kufuka ndani kwa ndani kwa muda wa miaka yapata 15.

Hatari iliyo karibu zaidi na nyumba zetu si moto bali maji. Tairi iliyotupwa nyuma ya nyumba hushika maji ya mvua kwa namna yo yote itakavyolazwa, na kivuli chake huyazuia maji yasikauke. Mbu aitwaye Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, hupenda sana kutaga hapo. Mbu huyu si yule wa malaria. Huuma mchana, na huambukiza homa ya dengue, ambayo Tanzania huitwa kidingapopo, pamoja na chikungunya. Watu wa Lamu na Mombasa waliugua chikungunya kwa wingi mwaka 2004, na dengue ilienea Mombasa mwaka 2013. Mayai ya mbu huyu huweza kukaa makavu kwa miezi mingi, yakingoja maji. Ndivyo jamaa yake wa Asia alivyosafiri: mwaka 1985 alionekana Houston, Marekani, na wataalamu waliona kuwa alifika ndani ya tairi kuukuu zilizoletwa kwa meli kutoka Asia.

Kwa hiyo anayetaka kuweka tairi uani kwa kupandia mboga, kwa bembea ya watoto, au kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, aitoboe matundu makubwa manne au matano upande utakaokuwa chini, au aijaze udongo mpaka juu. Aliyekwisha kuziacha kwa muda azimwage maji kila juma, kwa kuwa yai la mbu huweza kuwa mbu mwenye mabawa kwa siku saba hadi kumi, na asitosheke na kumwaga tu, bali asugue ndani kwa brashi ngumu, maana mayai hushikamana na mpira juu kidogo ya mahali maji yalipofika.